Konsoli za zamani kwenye umeme wa USB

Konsoli nyingi za gemu zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimewekwa kabatini kwa sababu moja: adapta imepotea au imeungua. Mashine yenyewe ni nzima na kaseti zake zinasoma, ila hakuna cha kuilisha. Kuirekebisha ili itumie umeme wa USB, ule ule unaochaji simu, kunahitaji tundu jipya, saketi ndogo ya kubadilisha volti na kazi kidogo ya kulehemu.

Huko Kiringye na katika vijiji vingine vya uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa Uvira katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, marekebisho haya yana faida kubwa kuliko kufufua kitu cha kale. Mto Ruzizi, unaoteremka kutoka Ziwa Kivu hadi Ziwa Tanganyika, unazungusha mitambo ya Ruzizi I iliyojengwa miaka ya 1950 na Ruzizi II iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa ubia wa Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, katika Kongo nzima ni takriban mtu 1 tu kati ya 5 anayefikiwa na umeme, na vijijini ni wachache zaidi. Nyumba ambayo haijafikiwa na nyaya hutegemea paneli ya jua, betri ya volti 12 na pawabenki. Umeme wa namna hiyo hupimwa kwa saa, na kifaa kinachoupoteza njiani hupunguza taa na simu za familia nzima.

Hesabu ya njia mbili

Chukua konsoli ya kaseti ambayo saketi zake zinakula nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5. Ikiendeshwa kama ilivyokusudiwa na kiwanda, umeme wa betri hupita kwanza kwenye konvertisa inayoupandisha kutoka volti 12 hadi 220. Kisha adapta yenye transfoma huushusha hadi volti 10. Ndani ya konsoli, kidhibiti volti huushusha tena hadi 5. Umeme umepandishwa mara 18 ili uje kushushwa chini ya pale ulipoanzia.

Kila hatua inatoza ushuru wake. Kidhibiti kinachopokea volti 10 na kutoa 5 hugeuza nusu ya umeme kuwa joto, kwa hiyo konsoli inavuta wati 5 badala ya 2.5. Adapta ya transfoma yenye ufanisi wa asilimia 60 inahitaji wati 8.3 ili kutoa hizo 5. Konvertisa yenye ufanisi wa asilimia 80 inachota wati 10.4 kwenye betri, bila kuhesabu kile inachokula yenyewe kwa kuwashwa tu.

Njia ya pili ni fupi: chaja ya USB ya gari hushusha volti 12 hadi 5 kwa ufanisi wa asilimia 85 hivi, na volti 5 zinaingia moja kwa moja kwenye saketi. Betri inatoa wati 2.9. Betri ndogo ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na ili isife mapema ni vyema kutumia nusu yake tu, yaani 42. Kwa njia ya kwanza hizo zinatosha saa 4. Kwa njia ya pili zinazidi saa 14. Mashine ni ile ile na betri ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya hatua katikati, na ndiyo maana swali la kwanza katika kazi hii ni hatua zipi zinaweza kuondolewa. Aina ya tundu la kufunga huja baadaye.

Kila mashine na volti yake

Watengenezaji wa zamani hawakuwa na kipimo cha pamoja. Atari 2600 ya mwaka 1977 inataka volti 9 za umeme mnyoofu. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983, inataka volti 10 na miliampea 850, na ncha ya katikati ya plagi ni hasi. NES, ambayo ni ndugu yake iliyouzwa Marekani na Ulaya, ilikuja na adapta ya volti 9 za umeme geu, na yenyewe hunyoosha umeme huo kwa dayodi nne zilizo ndani. Mega Drive ya kwanza ya Sega, ya mwaka 1988, ina ncha ya katikati hasi. Toleo lake la pili lina ncha ya katikati chanya, ingawa ni mashine ya kampuni hiyo hiyo inayosoma kaseti hizo hizo. Kuazima adapta bila kusoma maandishi yaliyo chini ya mashine kumeunguza nyingi.

Kuna hatari nyingine kwa vifaa vya mtumba. Adapta ya Japani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa 120. Ikichomekwa kwenye volti 220 za Kongo, transfoma yake huungua, na wakati mwingine huvuta konsoli pamoja nayo. Konsoli iliyorekebishwa kwa USB haina tena habari na volti za ukutani, kwa kuwa chaja za kisasa za simu kwa kawaida hupokea kuanzia 100 hadi 240.

Jambo linalorahisisha kazi ni kwamba tofauti hizi zote ziko nje. Ndani, karibu kila konsoli ya kaseti ya miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 inafanya kazi kwa volti 5. Kinachoshusha umeme hadi hapo ni kidhibiti cha miguu mitatu kiitwacho 7805, mara nyingi kilichofungwa kwenye bamba la aluminiamu ili joto lipate pa kutokea. Na volti 5 ndizo zinazotolewa na USB.

Volti 5, kisha zaidi

USB ilianza mwaka 1996 kama njia ya kuunganisha kibodi na printa kwenye kompyuta, na umeme wake ulikuwa wa ziada tu. USB 2.0 ya mwaka 2000 ilitoa miliampea 500 kwa volti 5, sawa na wati 2.5. Simu zilipozidi kuwa na njaa, chaja zikafikia ampea 1.5 na zaidi. Tundu la USB-C, lisilo na juu wala chini, lilitangazwa mwaka 2014. Sheria ya Umoja wa Ulaya ikaifanya kuwa tundu la lazima kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, jambo lililoongeza wingi wa chaja za aina hiyo kwenye masoko ya dunia.

Pamoja na USB-C umeenea utaratibu uitwao Power Delivery, ambamo kifaa na chaja hukubaliana kwanza juu ya volti. Kifaa kisipoomba kitu, chaja hutoa 5. Kikiomba, kinaweza kupewa 9, 15 au 20 kulingana na nguvu ya chaja. Baadhi ya chaja hutoa pia 12. Kibao kidogo cha kuombea volti hufanya maombi hayo kwa niaba ya konsoli ambayo iliundwa kabla utaratibu huo haujakuwepo.

Konsoli za mkononi

Hizi ndizo rahisi zaidi, na kwa nyumba ya umeme wa jua ndizo zenye faida kubwa kwa kuwa zina kioo chao. Game Boy ya kwanza, ya Aprili 1989, hutumia betri kavu nne za AA. Jumla yake ni volti 6 zikiwa mpya, na mashine huendelea kufanya kazi zinapopungua. Inakubali hata betri nne za kuchajiwa zenye jumla ya volti 4.8, kwa hiyo volti 5 za USB zimo ndani ya uwezo wake. Inatosha kupeleka umeme kwenye vibati vya betri au kwenye tundu lake la pembeni, kwa kukumbuka kwamba ncha ya katikati ya tundu hilo ni hasi.

Game Boy Pocket ya 1996, Game Boy Color ya 1998 na Game Boy Advance ya 2001 hutumia betri mbili tu, yaani volti 3. Kuzipa volti 5 moja kwa moja ni kuhatarisha saketi zake. Zinahitaji kipunguza volti, kibao kidogo chenye skrubu ya kurekebishia, kilichopimwa kwa multimita na kuwekwa kwenye volti 3 kabla hakijagusa mashine. Kwa kuwa vibao hivi hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, sauti inaweza kuingiwa na mlio mwembamba. Kapasita ya maikrofaradi 220 hadi 470 kwenye njia ya kutokea, pamoja na nyaya fupi, hupunguza mlio huo.

Vizazi vilivyofuata havihitaji hata kufunguliwa. Game Boy Advance SP ya mwaka 2003 ina betri ya lithiamu, na chaja yake hutoa volti 5.2. PSP ya Sony ya mwaka 2004 inachajiwa kwa volti 5 kamili. Kwa mashine hizi, waya wenye plagi ya USB upande mmoja na plagi ya mashine upande wa pili unamaliza kazi.

Konsoli za kaseti

Kwa Famicom, NES, Mega Drive na jamaa zao kuna njia mbili.

Ya kwanza huacha mashine kama ilivyo. Waya wa USB huunganishwa na kipandisha volti kinachotoa volti 7.5 hivi, au na kibao kinachoomba volti 9, kisha na plagi ya mashine. Kidhibiti cha 7805 kinahitaji volti 2 hivi juu ya zile kinazotoa, ndiyo maana 7.5 zinatosha na 10 si za lazima. Kila volti ya ziada inageuka joto tu. Njia hii inafaa kwa mashine ambayo mwenyewe hataki ichokozwe, lakini inaacha hatua moja inayopoteza umeme.

Ya pili huondoa kidhibiti. 7805 inatolewa kwenye ubao na volti 5 za USB zinapelekwa pale ilipokuwa ikitolea umeme. Mambo manne yanaamua kama kazi itadumu. Kwanza, swichi ya kuwashia kwa kawaida iko kabla ya kidhibiti, kwa hiyo umeme mpya lazima upitie swichi hiyo. Vinginevyo mashine haitazimika. Njia nyepesi ni kuingiza volti 5 upande wa mwanzo na kuunganisha kwa waya matundu mawili ya ubao, la kuingilia na la kutokea la 7805. Pili, dayodi zilizo njiani zirukwe. Dayodi za NES humeza karibu volti 1.4, na kinachobaki hakitoshi kuendesha saketi za volti 5.

Tatu, tundu la zamani liondolewe au lizibwe kabisa. Mtu akija siku moja na adapta ya volti 10 na kuichomeka kwenye mashine isiyo na kidhibiti, saketi zote zitakufa mara moja. Nne, ihesabiwe idadi ya vidhibiti. Mega Drive ya kwanza ina viwili, kila kimoja kinalisha sehemu yake, na sehemu zote mbili zinahitaji kupata umeme. Ni vyema pia kuhakikisha kwa multimita kwamba hakuna sehemu nyingine inayochota volti za kabla ya kidhibiti.

Kwa kuwa 7805 ilikuwa pia mlinzi, nafasi yake ijazwe na fyuzi ya ampea 1 na dayodi ya kuzuia volti zinazopita kiasi. Anayetaka kubaki na plagi ya zamani ana chaguo la tatu: kipunguza volti cha kisasa chenye miguu mitatu, kilichoundwa kukaa pale pale pa 7805. Kinapokea volti 7 hadi zaidi ya 20 na kutoa 5 bila kupata joto kali, kwa hiyo mashine inaweza kuunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12.

PSone na PlayStation 2

Mashine za diski zina mota na kifaa cha kusomea kwa mwanga, na volti 5 hazitoshi. PlayStation ya kwanza, ya Desemba 1994, ina kibao cha umeme cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kutoa takriban volti 7.5 na 3.5. Kapasita yake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, hivyo si mahali pa kujifunzia. PSone, toleo dogo la mwaka 2000, ni salama zaidi kwa fundi: adapta yake iko nje na inatoa volti 7.5 na ampea 2, ncha ya katikati ikiwa chanya. Kibao cha kuombea volti 12 au 15, kikifuatiwa na kipunguza volti kilichowekwa 7.5, kinaiendesha vizuri.

PlayStation 2, iliyouzwa zaidi ya milioni 155 na kufanywa kitega uchumi katika vyumba vingi vya gemu barani Afrika, ilipata toleo jembamba mwaka 2004. Toleo hilo linatumia volti 8.5, na adapta yake imeandikwa ampea 5.65, sawa na wati 48. Matumizi halisi wakati wa kucheza ni madogo kuliko hapo, lakini chaja ya simu ya wati 20 isitegemewe. Inatakiwa chaja ya wati 45 au zaidi inayotoa volti 15, na kipunguza volti chenye uwezo wa ampea 5.

Hapa hesabu ya hatua inatoa jibu tofauti. Penye betri ya volti 12, kipunguza volti kinachoshusha 12 hadi 8.5 moja kwa moja kina hatua moja tu, na USB haihitajiki. Power Delivery ina maana pale ambapo umeme unatoka kwenye pawabenki kubwa au chaja ya kompyuta mpakato.

Chaja, waya na pawabenki

Kosa la kawaida kwenye tundu la USB-C ni kusahau resista mbili. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ihisi kwamba kuna kifaa upande wa pili, na alama ya kifaa ni resista ya kilo-omu 5.1 kutoka kwenye kila mguu wa mawasiliano hadi kwenye hasi. Bila hizo, konsoli itawaka kwa waya wenye plagi pana ya zamani upande wa chaja, lakini itabaki kimya kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Resista ziwe mbili, kila mguu na yake. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, iliyotoka Juni 2019, iliunganisha miguu yote miwili kwenye resista moja, na baadhi ya waya bora zaidi zikakataa kuiwasha hadi ubao uliporekebishwa.

Waya wenyewe una neno lake. Waya mwembamba wenye upinzani wa nusu omu hupoteza nusu volti kwa kila ampea. Saketi za zamani za volti 5 zinataka zisipate chini ya 4.75, kwa hiyo mashine inayojizima au kuonyesha picha zilizovurugika mara nyingi inalalamikia waya. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa kwenye ubao wenyewe, mashine ikiwa imewashwa na kaseti ikiwa ndani.

Pawabenki nyingi hujizima zikiona mtumiaji anavuta umeme mdogo, kwa kudhani simu imejaa. Game Boy, inayokula wati 0.7 hivi, huangukia katika mtego huo. Dawa ni pawabenki yenye hali ya vifaa vidogo, au tundu la USB la kidhibiti cha paneli ya jua, ambalo kwa kawaida halijizimi.

Kabla ya kuwasha

Mashine yenye miaka 30 huenda ina kapasita zilizochoka au kuvuja. Game Gear ya Sega, ya mwaka 1990, inajulikana kwa udhaifu huo, na kubadilisha njia ya umeme hakutaponya sauti iliyofifia au kioo kilichopauka. Kapasita zikaguliwe kwanza, na zilizovimba au kulowana zibadilishwe.

Baada ya kulehemu, multimita ipime kama chanya na hasi zimegusana. Kisha umeme uwashwe bila kaseti, volti zipimwe, na mikono iguse vipande vikubwa baada ya dakika chache: kinachochoma kina kasoro. Kaseti iingie mwishoni. Anayeongeza betri ya lithiamu ndani atumie kibao cha kuchajia chenye kinga ya kujaa na kuisha kupita kiasi, na asilehemu moja kwa moja juu ya betri, kwani joto huiharibu na huweza kuiwasha moto.

Runinga nayo inakula

Konsoli ya wati 2.5 inayotazamwa kwenye runinga ya kizamani yenye chogo, inayokula wati 40 au zaidi, bado inamaliza betri kwa saa moja hivi. Akiba yote iliyopatikana kwenye USB huonekana tu pale runinga nayo inapokuwa ya volti 12, kama zile ndogo zinazouzwa pamoja na mitambo ya jua katika Afrika Mashariki, ambazo ndogo kabisa hutumia wati 10 hadi 20. Nyingi zina tundu la video la rangi ya njano linalopokea NES bila kifaa cha ziada. Famicom ya Japani ya 1983 hutoa picha kwa njia ya antena pekee, tena kwa masafa ya Japani, hivyo inahitaji marekebisho mengine ya video kabla ya kuonekana.

Kwa hiyo mpangilio wa gharama uko wazi. Game Boy au PSP inaweza kuchezwa kwa umeme ule ule unaotengwa kwa simu. Konsoli ya kaseti inahitaji runinga ndogo ya volti 12 na betri inayojazwa kila mchana. PlayStation 2 inahitaji paneli na betri kubwa zaidi, na huo ni mzigo unaobebeka zaidi kwa chumba cha gemu kinacholipiwa kuliko kwa sebule ya nyumbani. Pale ambapo runinga bado ni ya chogo, fedha zitumike kwanza kwenye runinga, kisha kwenye konsoli.